Mshono Usio na Uzi

Mimi ni fundi wa mabati. Niliacha shule mapema, nikaenda kumshikia mjomba ngazi, na tangu siku hiyo kazi yangu ni kugombana na maji. Nayasema haya ili ujue kwamba nikisimulia habari za paa, sisimulii kama mpita njia.

Paa ninalolizungumzia ni la ukumbi wa kushonea wa dada yangu. Dada ni mkubwa wangu. Alinibeba mgongoni nikiwa mdogo, na hajaniruhusu kulisahau hilo hata siku moja. Ana mafundi cherehani wengi, karibu wote wanawake, na wanashona sare za shule. Ukumbi amepanga kwa mzee mmoja mwenye majengo kadhaa mtaa ule, mtu wa kitambi na mdomo mzito. Aliyeujenga alitaka uonekane wa kisasa, basi paa akalilaza karibu bapa kabisa, akalizungushia ukuta mfupi ili mabati yasionekane kutoka barabarani. Huyo mjenzi sijui yuko wapi siku hizi, lakini ningependa kumpata.

Bati linataka mteremko. Ukililaza, maji hayaondoki, yanakaa pale yakitafuta msumari. Na kila msumari ni tundu. Unalitoboa wewe mwenyewe kwa nyundo yako, halafu unaliwekea kampira na kumwachia Mungu.

Miaka nenda rudi nilikuwa naliziba paa lile. Lami hapa, kipande cha bati pale, na jua likishalipiga kidogo lami inapasuka na tunaanza upya. Kiangazi ukumbi uligeuka tanuri, kina mama wakashona na vitambaa vya kufutia jasho shingoni. Mvua ikija, kelele za mabati zilikuwa kubwa hivi kwamba ukiumwa na nge hakuna wa kukusikia. Cherehani zilizimwa, majora ya kitambaa yakafunikwa, watu wakakaa wakitazamana.

Msimu uliopita maji yalishuka juu ya sare zilizokwisha kufungwa, zikatoka na madoa ya kutu. Shule ilizirudisha zote. Mwaka huu ilimpa dada kazi tena, lakini kwa sharti moja: likionekana doa, hatapata kazi nyingine kwao. Na mzee mwenye jengo naye alishachoka kulalamikiwa. Kulikuwa na mtu wa makreti ya soda anautaka ukumbi uwe ghala lake, na makreti hata yakilowa hayana habari. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Paa likivuja tena, dada anafunga, na wale kina mama wote wanamwaga unga.

Mimi nilimwambia tuezeke upya kwa mabati manene. Akaniambia ameshapata mtu mwingine, fundi mwanamke, anayefunika mapaa kwa utando.

"Utando gani?"

"Mweupe. Kama mpira, kama plastiki. Unakuja kwenye majora, kama kitambaa."

"Turubai."

"Siyo turubai."

"Dada, plastiki inayofunika kitu inaitwa turubai. Unataka kuezeka kiwanda kwa turubai?"

Aliingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa kipande cha kitu cheupe, kinene kama soli ya kandambili iliyochakaa. Vilikuwa vipande viwili vilivyounganishwa vikawa kimoja.

"Kivute," akasema. "Nataka kuona huo mshono ukiachia."

Nilivuta. Nilikikanyaga upande mmoja nikavuta upande wa pili mpaka mishipa ya shingo ikanitoka. Kipande kilirefuka, kikaanza kuchanika pembeni, mshono haukusema neno. Mafundi wawili waliokuwa karibu waliacha kushona wakanitazama.

"Koti la mvua linaingiza maji wapi?" dada akaniuliza.

"Nitajuaje? Mimi sishoni."

"Kwenye mshono. Kitambaa chenyewe hakina neno, ila sindano imepita pale, na ilipopita imeacha tundu. Nimeshona maisha yangu yote na sijawahi kushona kitu kisichokuwa na matundu. Huu mshono nimeutafutia uzi kwa miwani. Hauna uzi."

Nikamrudishia kipande chake.

"Basi mnahitaji wabebaji," nikasema.

"Ndiyo maana nimekuita. Mlete na Nyundo."

Nyundo ni mwenzangu wa kazi tangu ujana. Ana kichwa kikubwa na hasikii ushauri, jina likamkaa. Tulipofika, yule fundi alikuwa tayari juu ya paa, mwanamke mfupi wa makamo, suruali yake imeshonewa ngozi magotini. Alikuwa na vifaa vinavyopuliza upepo wa moto, na kwa kuwa alitembea akinyoosha vitu kwa joto, Nyundo alimwita Pasi kabla ya chai ya asubuhi. Hakukasirika.

"Nyie ndio watu wa misumari?" akatuuliza.

"Ndio sisi."

"Iacheni chini yote. Huku juu sitaki kusikia kitu kinalia mfukoni."

Nyundo akakung'uta mifuko. Ilitoka misumari ya kutosha kuezeka nyumba ndogo.

Tulisafisha mabati, tukakata yaliyooza na kuweka mengine. Juu yake tukapanga mbao za povu gumu, nyepesi kiasi kwamba Nyundo alibeba mzigo mkubwa kwa mkono mmoja huku akipiga mluzi. Mbao zile tukazifunga kwa skrubu. Halafu Pasi akakunjua jora la kwanza la utando kutoka ukuta hadi ukuta, na ukingoni mwake akapiga tena mstari wa skrubu.

Hapo nikafurahi. Nilikuwa nangoja kosa na nikaliona.

"Ahaa," nikamwambia. "Si hayo hapo matundu?"

"Ngoja kidogo, kaka."

Akakunjua jora la pili, ukingo wake ukalala juu ya ukingo wa lile la kwanza na kuzifunika skrubu zote. Kisha akaweka mashine yake juu ya pindo lile. Ilikuwa kama kigari kidogo chenye ulimi bapa. Aliuingiza ulimi katikati ya zile tabaka mbili, akawasha, mashine ikaanza kutembea yenyewe polepole, ikipuliza moto ndani na kukandamiza kwa gurudumu nyuma. Pasi aliifuata ameinama kidogo, kama mama anayemfuata mtoto anayejifunza kutembea. Ilipopita, palibaki mstari laini unaong'aa.

"Skrubu zimelala humo ndani," akasema. "Na mvua hawataonana maisha yao yote. Mshono ukipoa, huwezi kusema hili ni jora la kwanza na hili la pili. Ni kitu kimoja."

"Paa zima?"

"Paa zima. Likiisha, ni karatasi moja kutoka kule hadi kule. Inapanda mpaka kwenye ukuta, inazunguka mabomba. Tundu ni moja tu, lile la kutolea maji."

Nilikaa juu ya jora lililokuwa bado halijakunjuliwa. Paa lisilo na tundu. Mjomba wangu alikufa na nyundo mkononi akiamini kwamba paa ni matundu yaliyozibwa vizuri, na mimi nikaishi hivyo hivyo. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba inawezekana kutotoboa.

Nyundo akaniona. "Unaumwa?"

"Siumwi. Nawaza."

"Ndiyo maana nikauliza."

Tuliendelea vizuri mpaka nusu ya paa. Asubuhi moja Pasi akachukua kulabu nyembamba, akaanza kuiburuta kwenye ukingo wa mishono ya siku zilizopita. Hivyo ndivyo wanavyokagua: kama mshono umeshika, kulabu inateleza tu. Mara ikazama. Akasogea mbele, ikazama tena. Mishono ya pembeni ilikuwa mizima. Ile mirefu ya katikati ilikuwa na vinywa wazi hapa na pale, kama mfuko wa suruali uliochakaa.

Bahati ikawa mbaya, kwa sababu mzee mwenye jengo alikuwa amepanda ngazi siku ile ile. Alifika juu akihema, akaikuta kulabu imezama.

"Hili ndilo lenu?" akasema. "Mliniambia halina tundu."

"Hili bado, mzee," Pasi akajibu. "Ndiyo maana nakagua."

"Turubai," mzee akasema, na Nyundo akanitazama, kwa maana neno lile lilikuwa langu. "Sikilizeni. Mliahidi mkimaliza mtaliziba lile tundu la maji na kulijaza paa lote maji nione. Nitakuja kuona. Likishuka tone moja, naongea na mtu wa makreti."

Akashuka. Na alipokuwa anashuka, lori lilikuwa linaingia uani na kitambaa chote cha sare. Liliwahi kuliko walivyoahidi. Dada akasimama mlangoni, upande huu majora yake yanapakuliwa, upande ule mawingu yanajikusanya. Hakupaza sauti. Alisema tu yapangwe katikati ya ukumbi, kisha akanitazama mimi niliyekuwa nimechungulia kutoka ukingoni.

"Kuna nini huko?"

"Mishono mingine imeachia."

"Kwa nini?"

"Hatujui."

Aliitikia kwa kichwa, akaingia ndani. Ningependa zaidi angenitukana.

Pasi aliilaumu mashine kwanza. Akaunganisha vipande viwili vya majaribio, akavingoja vipoe, akatupa mimi na Nyundo tuvute. Utando ukachanika, mshono ukabaki. Akabadilisha joto, akabadilisha mwendo, akajaribu tena. Kila mara mshono ulikuwa mzima. Alikaa chini, kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza nikaona amechoka.

"Mashine haina kosa," akasema. "Mikono yangu haina kosa. Sasa ni nini?"

"Labda ni kazi ya majini," Nyundo akasema.

"Beba jora lile, Nyundo."

Tukalibeba, mimi mbele, yeye nyuma. Pasi alikuwa ametoka kuunganisha mstari mmoja dakika ile, akawa anautazama. Tukapita. Ghafla nikasikia kicheko. Niligeuka, nikamkuta amejishika mbavu.

"Simameni hapo hapo," akasema alipopata pumzi. "Msiinue mguu. Tazameni mmekanyaga wapi."

Nikatazama. Mguu wangu ulikuwa juu ya mshono. Mguu wangu wa nyuma juu ya mshono. Nyundo nyuma yangu, miguu yote miwili juu ya mshono, mmoja mbele ya mwingine, kama mtu anayetembea juu ya ukuta.

"Paa ni pana kama uwanja wa mpira," Pasi akasema, "na nyie mnapita juu ya uzi. Mnafanya mchezo gani?"

Hatukuwa tunafanya mchezo. Juu ya mabati unakanyaga kwenye mstari wa misumari, kwa sababu chini ya msumari kuna mbao. Ukikanyaga pembeni, bati linabonyea, au unashuka nalo hadi sebuleni kwa watu. Mjomba alinifundisha hivyo kwa makofi. Baada ya miaka mingi hufikirii tena, mguu unatafuta mstari wenyewe. Na juu ya utando ule mweupe, uliolala sawa kila mahali, mstari pekee wa kuonekana ulikuwa mshono. Basi miguu yetu iliuona ikafurahi. Tuliikanyaga mishono mirefu ikiwa bado ya moto, na mzigo begani, tabaka zikateleza kabla hazijashikana.

"Kanyageni katikati," Pasi akasema.

Kusema ni rahisi. Nilishusha mguu katikati ya weupe ule, mahali pasipo na kitu, kama naingia kisimani. Chini palikuwa pagumu kama sakafu. Nikapiga hatua ya pili. Nyundo alijaribu, akaenda vizuri kidogo, halafu miguu ikamrudisha pole pole kwenye mstari kama mlevi anayejua njia ya kwao.

"Nyundo."

"Siyo mimi, mama. Ni hii miguu."

Mwishowe Pasi akatufunga. Alichukua kamba, akatufunga kwenye kila jora tulibebe kwa mapana, mimi upande huu wa mshono na Nyundo upande ule, ili hata mmoja wetu akivutwa, mwenzake amvute kurudi. Tulionekana kama ng'ombe wa kulima. Kina mama walikuwa wanatoka uani kupumzika na kutuangalia, na maneno waliyotuambia siyaandiki hapa. Lakini mishono ilibaki salama.

Ile iliyoachia Pasi hakuiziba juu juu. Aliisafisha, akaikausha, akaweka juu yake utepe mpana wa utando ule ule, akauunganisha pande zote mbili, kisha akapitisha kulabu akiwa amepiga magoti, kipande kwa kipande, uso karibu na paa kama anayenusa. Kwenye kona za ukuta na shingo za mabomba alifanya kwa mkono, kifaa cha kupuliza moto mkono mmoja, kagurudumu ka mpira mkono wa pili. Huko ndiko mapaa ya namna hii yanakovuja, aliniambia, siyo katikati. Mawingu yalizidi kushuka na hakuharakisha hata kidogo. Mimi ndiye niliyekuwa roho juu.

Siku ya kulijaza ikafika. Pasi akaziba tundu la maji kwa puto la mpira, akanipa mpira wa bomba.

"Fungulia, kaka."

Sijui kama utanielewa. Mtu wa paa anaambiwa apandishe maji juu ya paa na kuyaacha. Ni kama kumwambia mchungaji awafungulie fisi zizi. Nilifungulia huku nimefumba jicho moja. Maji yakaanza kutandaa juu ya weupe ule, kwanza kama ulimi, kisha kama shuka. Pasi alikuwa amepima jengo linaweza kubeba kiasi gani, akasema kimo cha kidole kinatosha. Kidole! Nimeona bakuli la maji likishinda paa zima la mabati.

Nikakimbia chini kufunika majora kwa turubai. Dada akanizuia.

"Ukifunika, nitajuaje kama limevuja?"

"Dada, kikilowa hiki umekwisha."

"Kisipolowa leo na kikalowa wiki ijayo, nimekwisha vile vile. Nataka kujua leo."

Alikuwa amewaambia kina mama wakunjue kitambaa cha bitana, kijivu, chepesi, kile ambacho tone likikiangukia linaonekana jeusi kutoka mbali. Walikitandaza juu ya meza zote za kukatia, juu ya cherehani, juu ya sakafu ukuta hadi ukuta. Walibakiza njia nyembamba ya kupita tu. Ukumbi ule niliouzoea na kelele zake ulikuwa kimya, wote wa kijivu, na sisi tumesimama pembeni bila viatu, vichwa vimeinama. Mzee mwenye jengo akaja, akavua viatu vyake bila kuambiwa. Juu ya vichwa vyetu kulikuwa na ziwa.

Tulingoja. Mama mmoja alitaka kupiga chafya, wenzake wakamfinya. Mzee alizunguka ile njia, akatazama kitambaa, akatazama juu, akatazama kitambaa. Dada hakusogea. Alikuwa ameshika mkasi wake mkubwa wa kukatia, ameukumbatia kifuani, nami nikajua kwamba hajalala vizuri tangu lori lile lilipoingia.

Jua lilikuwa kali wakati ule, mawingu yamepasuka kidogo. Ndipo nikagundua kwamba silowi jasho. Nilikuwa katika ukumbi ule, mchana, mlango umefungwa, na shingo yangu kavu. Niliweka ngazi pasipo na kitambaa, nikapanda, nikagusa bati kwa chini. Ninalijua bati lile. Saa kama ile lilikuwa linaunguza kiganja. Sasa lilikuwa la kawaida, kama mlango, kama meza.

"Weupe unalirudisha jua lilikotoka," Pasi akasema akiwa chini ya ngazi. "Kidogo linalobaki, povu linalizuia."

Sikushuka mara moja. Nilibaki na kiganja changu pale.

Baadaye nikapanda juu kabisa. Nilivua viatu, nikakunja suruali, nikaingia. Upepo ulikuwa umetulia na maji yamelala kama kioo, mawingu yote yamo ndani yake, makubwa, yanatembea polepole chini ya miguu yangu. Ndege wawili walikuwa wanaoga kwenye kona. Nilisimama katikati ya anga juu ya kiwanda cha dada yangu. Nimezeeka juu ya mapaa, lakini sijawahi kuogopa namna ile, hofu isiyokuwa na ubaya, kama ya mtoto anapoinuliwa juu na mtu mwenye nguvu. Maji yale yangeweza kumfukuza kila mtu kazini. Yalikuwa yamekaa tu pale, yametulia, hayana mahali pa kuingilia.

Nyundo akapanda, akasimama ukingoni.

"Vipi?"

"Njoo uone."

"Naona huku huku." Lakini akavua viatu. Akaingia, akasimama kando yangu.

Jua lilipoegemea, mzee alizunguka ukumbi mara ya mwisho. Kitambaa kilikuwa kijivu chote. Alivaa viatu vyake, akakohoa.

"Toeni maji," akasema. Halafu, akimgeukia Pasi: "Lile jengo langu la pili, la karibu na soko. Unaweza kulitazama?"

"Naweza, mzee."

Dada aliweka mkasi mezani, akakaa juu ya kiti cha cherehani, akajifunika uso kwa bitana, na kina mama wakajifanya wanakunja vitambaa ili wasimtazame.

Lakini majaribio ni majaribio. Mvua yenyewe ina upepo, ina hasira, inakuja kwa pembeni. Sikuwa na amani. Ilipokuja ile kubwa ya kwanza nilikuwa nyumbani nanoa patasi. Ilianza ghafla, mitaro ikajaa, miti ikalala upande mmoja. Upepo uling'oa bati la choo cha jirani yangu, nikaliona likiruka kama gazeti. Nikafikiria karatasi moja kubwa, kutoka kule hadi kule, na upepo ukipata mahali pa kuingiza kidole. Sikungoja mwavuli. Nilikimbia mjini kote kama mwizi, maji yananiingia puani, nikajikwaa, nikainuka, nikakimbia tena. Nilijiona tayari naokota majora kwenye tope.

Uani hapakuwa na mtu. Nilisukuma mlango, nikaingia na upepo.

Cherehani zote zilikuwa zinafanya kazi. Redio ilikuwa inaongea, sauti ya chini, na niliisikia kila neno. Mama mmoja alikuwa anasimulia habari za mkwe wake na wenzake wanacheka. Mezani dada alikuwa ameinama, anakata kitambaa kufuata chaki, na mkono wake ulikuwa umetulia kabisa. Nilisikia mkasi ukila kitambaa. Nilisimama pale mlangoni mdomo wazi. Mlango ulijifunga nyuma yangu, na mvua ikaisha. Ilikuwa bado inanyesha, najua, mgongo wangu ulikuwa unajua, lakini humo ndani haikuwepo. Kilichobaki ni kama pumzi ya mtu aliyelala chumba cha pili.

Nikatazama juu. Kavu. Nikatazama kwenye kona za ukuta. Kavu.

Cherehani ya karibu yangu ikasimama. Kisha nyingine.

"Umetoka kuogelea wapi, kaka?" fundi mmoja akauliza.

"Mvua," nikasema.

"Mvua gani?"

Nilidhani ananitania. Nikawatazama usoni mmoja mmoja, na hakuna aliyekuwa anatania. Hawakujua. Mbingu ilikuwa inaanguka juu ya vichwa vyao nao wanapiga mishono ya kola.

Dada aliinua kichwa. Alinitazama kuanzia nywele mpaka miguu, na dimbwi lililokuwa linatandaa kutoka kwenye suruali yangu kuelekea jora la kwanza la sare.

"Rudi nje," akasema. "Unanilowesha kitambaa."

Nikarudi nje. Nilisimama chini ya mvua ile, na nyuma yangu mlango ukafunguka, kina mama wakaja mmoja mmoja kusimama kizingitini, tepu za kupimia zikiwa bado shingoni, kuitazama ikinyesha.